Moli Ianze kwa Mizani

Sokoni Mudaka, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Kavumu katika teritwari ya Kabare, hakuna anayenunua maharagwe kwa kuyahesabu punje mojamoja. Yanapimwa kwa kopo au kwa mizani, pesa inatolewa, basi. Lakini anayepanda anahitaji idadi, maana kila shimo lina punje zake. Wataalamu wa mbegu huipata kwa njia rahisi: huhesabu punje 100 tu, wakazipima, kazi iliyobaki wakaiachia mizani. Kwa kipimo hicho maharagwe ambayo punje zake 100 hazifiki gramu 25 huitwa madogo, na yanayozidi gramu 40 huitwa makubwa. Tuseme punje 100 za aina moja zina gramu 20 na za aina nyingine gramu 41. Hapo kilo 20 za yale madogo na kilo 41 za yale makubwa zina idadi ileile, punje 100,000 kila upande, ingawa zilizohesabiwa kwa mkono ni 200 peke yake. Moli ya wanakemia ni hiyohiyo: kuhesabu kwa kupima. Mwanafunzi wa sekondari aliyeielewa hesabu ya maharagwe amekwisha kuvuka mahali pagumu pa somo, na ninashikilia kwamba somo lianzie hapo.

Mara nyingi huanza kinyume. Huandikwa ubaoni 6.022 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja, ikaitwa namba ya Avogadro, ikafuatwa na fomula ya kugawanya gramu kwa gramu, na darasa likanakili. Ukubwa wa namba hiyo haushikiki: watu bilioni nane wakihesabu chembe moja kila sekunde, usiku na mchana, wangemaliza moli moja baada ya miaka zaidi ya milioni mbili. Mtoto akikutana nayo kwanza, huiogopa au huikariri. Tena historia yenyewe haikuanzia kwenye namba. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro, Mwitaliano, alisema kwamba hewa zenye ujazo sawa, joto sawa na shinikizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Ni ngapi? Hakujua, na alifariki mwaka 1856 bila kujua. Mwaka 1860, katika mkutano wa Karlsruhe nchini Ujerumani, Mwitaliano mwenzake Stanislao Cannizzaro alionyesha jinsi wazo hilo linavyowezesha kupanga uzito wa atomu: hidrojeni 1, kaboni 12, oksijeni 16. Makadirio ya ukubwa wa molekuli za hewa, yanayowezesha kukisia idadi yake, yalitolewa na Josef Loschmidt mwaka 1865, na jina la Avogadro lilipewa namba hiyo na Jean Perrin, Mfaransa, mwaka 1909. Kwa miongo mingi, basi, wanakemia walifanya hesabu sahihi kwa uwiano wa uzito tu, kama mwenye maharagwe anavyofanya.

Wazo la Avogadro lina kazi kubwa pembeni mwa Ziwa Kivu. Upande wa kaskazini, karibu na Goma na Sake, watu wanaijua mazuku, hewa inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, ikaua mbuzi, mbwa, hata watu. Kwa sehemu kubwa ni hewa ya ukaa. Kwa nini haipandi ikatawanyika? Lita moja ya hewa ya ukaa na lita moja ya hewa tunayovuta zina idadi sawa ya molekuli. Moli ya hewa ya ukaa ni gramu 44, ya hewa ya kawaida ni karibu gramu 29. Idadi ni moja, uzito ni mara moja na nusu. Ndiyo maana mazuku hulala chini, na mtoto anayetembea bondeni huifikia kabla ya mtu mzima. Somo la namna hii linaokoa maisha, na halikuhitaji tarakimu ishirini na nne.

Wapo watakaosema mfano wa maharagwe unapotosha, kwa kuwa punje hazilingani na atomu hulingana. Kumbe kutolingana huko kunasaidia. Klorini ina uzito wa 35.5 kwa sababu ni mchanganyiko: takriban robo tatu ya atomu zake zina 35 na robo moja 37. Aliyepima maharagwe yaliyochanganyika hashangai kuona wastani usiofanana na punje yoyote. Hatari ya kweli iko kwingine: mwanafunzi anaweza kudhani moli ni uzito. Moli ni idadi, na uzito hutegemea kilichohesabiwa. Mwalimu asichoke kuuliza, moli ya nini? Moli ya atomu za oksijeni ni gramu 16, ya molekuli zake ni gramu 32.

Wengine wataleta hoja ya mtihani wa Serikali, Exetat, unaofanywa kwa Kifaransa. Hoja hiyo ina uzito, maana anayesoma kemia hapa huongea Mashi au Kiswahili nyumbani na kuandika Kifaransa darasani. Lakini mtu huvisha neno geni kitu anachokijua. Wazo likieleweka kwa Kiswahili leo, Kifaransa chake kinajifunzwa kesho. Fomula iliyokaririwa bila wazo hupotea pale swali linapogeuzwa kidogo tu. Chukua lita 22.4, ujazo wa moli ya hewa unaokaririwa kila mwaka. Ni sahihi kwa nyuzi sifuri na shinikizo la usawa wa bahari. Mudaka iko juu ya mita 1,500, na katika joto la nyuzi 20 moli hiyohiyo inachukua karibu lita 29.

Inabaki hoja ya kukosa maabara. Sabuni ya mawese inatosha kuijibu. Molekuli moja ya mafuta inahitaji tatu za soda kaustiki. Moli ya mafuta hayo ni karibu gramu 850, ya soda ni gramu 40; kwa hiyo kilo moja ya mawese inadai takriban gramu 140 za soda. Ikizidi, sabuni inachoma ngozi; ikipungua sana, inabaki na mafuta. Hesabu hiyo inafanyika kwa kalamu na daftari, na mizani ya dukani inaihakikisha. Walimu wa kemia, pelekeni darasani kopo la maharagwe na mizani siku ya kwanza. Ile 6.022 × 10²³ iandikeni ubaoni siku ya tatu.