Usitupe Hayo Maganda ya Makadamia: Doh Imelala Kwa Takataka

Cheki hii hesabu kwanza. Susu yako wa Kangundo akiuza kilo 100 za makadamia zilizokauka, kiini chenye kitapakiwa na kupandishwa meli ni kama kilo 30 tu. Zingine 70 ni ganda. Lile gumu la kahawia, lenye ukijaribu kupasua na meno unaenda kwa daktari.

Sasa swali ni moja: hizo kilo 70 huenda wapi, na nani anakula doh yake?

Mimi ni wa Masaku. Niliwacha campo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, nikarudi shags, na kitu ya kwanza kuniudhi ilikuwa rundo la maganda nyuma ya jikoni. Kila mtu aliona takataka. Huku nje, makaa ya mkebe yanapanda bei kila ukipumua. Hapo ndio nilianza kuuliza maswali.

Stori imetoka wapi

Mti wenyewe si wa huku. Asili yake ni Queensland, Australia, na uliletwa Kenya 1946 na mlowezi mmoja wa Thika, Bob Harries. Miaka ya 70 Kenya Nut Company ikaanza kubangua hapo Thika, na polepole miche ikasambaa Murang'a, Embu, Meru, hadi kwetu kwenye baridi ya Kangundo, Kathiani na Mua.

Tangu 2009 sheria inakataza kuuza nje makadamia yakiwa bado na ganda, isipokuwa waziri aruhusu. Wazo lilikuwa kubangua kufanyike hapa, mboka zibaki hapa. Halafu 2023 bei ya shambani ikaporomoka vibaya, na mwisho wa mwaka huo serikali ikalegeza hiyo marufuku kwa muda wa mwaka mmoja. Mkulima alitaka mnunuzi yeyote mwenye pesa mkononi. Wenye viwanda wakalilia mboka za wabanguaji. Wote walikuwa na pointi.

Lakini kuna kitu hakuna mtu alisema kwa sauti: gunia likitoka na ganda, ile kilo 70 pia imepanda meli. Tumeuza njugu, tukapeana na makaa juu.

Na usidhani huko nje wanalitupa. Pale Gympie, Queensland, kiwanda cha Suncoast Gold Macadamias kilianza 2003 kutumia mtambo wa umeme wa kama megawati 1.5 unaochoma maganda. Hata viwanda vyetu vingi huyachoma kwenye boila kukausha njugu. Wenye pesa washajua. Wenye hatujui ni sisi wa rundo la nyuma ya jikoni.

Ganda linageukaje makaa

Ganda la makadamia ni kama mti uliobanwa ukawa mgumu zaidi. Ukilichoma hivi hivi kwa hewa ya kutosha, linawaka moto mkali halafu linabaki jivu. Ukilipasha moto na uibane hewa, maji yanatoka, gesi zinatoka, na kinachobaki ni kaboni. Hiyo ndio makaa. Tofauti ya makaa na jivu ni hewa tu.

Kwa pipa la lita 200, mambo huenda hivi:

1. Anika maganda kwa jua siku mbili tatu. Yakiwa na maji, utapata moshi mwingi na makaa kidogo.

2. Toboa matundu chini ya pipa, liinue kwa mawe matatu, jaza maganda, uwashe kutoka juu. Moto utashuka wenyewe.

3. Soma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, bado ni maji na gesi. Ukianza kuwa mwepesi, wa rangi ya samawati, karibu hauonekani, makaa yako tayari.

4. Hapo funika juu, ziba chini kabisa kwa udongo, uwache hadi kesho.

Hiyo ya nne ndio ilinimaliza. Mara ya kwanza nilifunika fiti, lakini usiku nikashikwa na hamu, nikafungua nione. Nikaona meusi yanang'aa, nikafurahi, nikarudisha kifuniko ovyo, nikaenda kulala. Makaa yakiwa moto yakipata hewa yanawaka tena yenyewe. Asubuhi nilipata pipa la jivu. Susu hakunipigia kelele. Alileta sufuria zake akaziosha nalo mbele yangu, polepole, moja baada ya nyingine. Hiyo iliuma kuliko matusi.

Uzito wa makaa utakaopata ni kama robo ya uzito wa maganda. Kwa hivyo zile kilo 70 zinakupa kama kilo 17. Shikilia hiyo namba, tutairudia.

Kutoka vumbi hadi briketi

Vipande vizuri unaweza kutumia hivyo hivyo. Vile vidogo na vumbi, ponda, chekecha, uchanganye na kitu cha kushikanisha. Uji wa wanga wa muhogo hufanya poa: kama nusu kilo ya wanga kwa kilo 10 za vumbi. Molasi pia hushika. Udongo ni rahisi kupata, lakini ukizidisha, mteja atanunua mara moja tu, ju jivu litamjalia jiko.

Finyanga kwa mkono ama kwa mashine ya kubana, anika siku tatu hadi tano. Kisha fanya jaribio la mtaa: angusha moja kutoka usawa wa kiuno. Ikivunjika kama biskuti, ongeza uji. Ikidunda, uko sawa.

Nani anunue? Fikiria mathe wa githeri, fundi wa nyama choma, mfugaji wa vifaranga. Hawa wote wanataka moto unaokaa masaa mengi, si ule wa kuwaka haraka. Briketi huchelewa kushika moto lakini haina haraka ya kuzima. Mwambie mteja hivyo mapema, asije akadhani umemuuzia mawe.

Si makaa tu

Ganda la kijani, lile koti la nje linalotolewa shambani, ni mbolea. Wacha lioze na samadi, ama litandaze chini ya miti lizuie maji kukauka. Kwa jua letu la Ukambani hiyo si kitu kidogo.

Makaa yaliyosagwa pia huingia shambani. Wataalamu huita bayocha. Yana vitundu vidogo vinavyoshika maji na rutuba. Lakini usimwage yakiwa makavu, ju yatanyonya rutuba kabla mmea haujaipata. Yachanganye na mboji au samadi kwanza, uyape wiki kadhaa.

Kuna kaboni amilifu, ile ya kuchuja maji. Hapo makaa hupashwa tena kwa mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 800, vitundu vikafunguka hadi gramu moja inakuwa na eneo la ndani la mamia ya mita mraba. Hiyo si kazi ya pipa. Mtu akikuambia makaa yako ya jikoni yatachuja maji ya kisima, mkimbie.

Ganda likisagwa laini sana huingia kwenye sabuni za kusugua ngozi. Soko la vitu asilia lilipata nguvu baada ya Marekani kupitisha sheria 2015 ya kuondoa chembe za plastiki kwenye vipodozi vya kuosha. Ila chembe kubwa zina ncha kali. Usijifanyie uso wako majaribio.

Viini vilivyovunjika hukamuliwa mafuta, na mashudu yanayobaki hulishwa mifugo. Hapa kuna mambo mawili. Mbwa asionje, makadamia ni sumu kwake. Na mashudu yenye ukungu usimpe ng'ombe. Sisi tunajua aflatoksini kuliko wengi: 2004 watu 125 walikufa Makueni, Kitui, Machakos na Thika kwa mahindi yenye hiyo sumu. Ng'ombe akiila, inapita hadi kwa maziwa.

Na kama wewe ni wa Kilifi, usikopi hii kwa korosho. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Viwanda huyatoa kutengeneza rangi na breki za magari, lakini kwa mkono mtupu ni ngori.

Kabla hujaanza

Rudi kwa ile namba ya robo. Maganda ni mengi, mepesi, na yanajaza gari haraka. Ukiyatoa Thika kupitia Kilimambogo hadi Tala ukiwa umelipia pikap, umelipia robo tatu ya mzigo wenye utageuka moshi. Chomea karibu na maganda, usafirishe makaa.

Pili, usinunue mashine kwanza. Mimi nilimlipa msee fulani thao tatu za "mafunzo", akanifundisha vile ataniuzia mashine yake. Anza na pipa kuukuu na magunia mawili. Pata wateja watano wanaorudi, halafu ndio uongee na mashine.

Tatu, na hii sikuchezi: makaa ni makaa, hata yakiwa ya njugu. Gesi yake haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Jiko lisilale na wewe ndani ya keja, hata kukiwa na baridi ya Julai.

Rundo la susu sasa limeisha. Kilichobaki hapo ni pipa moja lenye kutu na kifuniko ambacho sifungui usiku. Wiki jana jirani alikuja na gunia la maganda mgongoni, akauliza nanunua kwa ngapi. Mwaka jana alikuwa anayatupa kwa mtaro.

Wewe kwenu maganda yanaenda wapi? Kabla msee aje ayabebe bure, fanya hesabu yako.