Bei ya Udogo: Siri ya Antena Bapa

Mabasi yanayokwenda mikoani nchini Tanzania hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho huiwezesha mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kujua basi liko wapi na linakimbia kwa kasi gani. Vifaa vya namna hiyo husikiliza setilaiti za GPS zilizoko takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi. Mawimbi yake yakifika chini huwa hafifu mno. Mara nyingi kinachoyadaka ni kipande cha kauri chenye upana wa milimita 25 tu, kilichopakwa madini ya fedha juu na chini.

Hiyo ndiyo antena bapa. Imejengwa kwa tabaka tatu: kibamba cha chuma kinachopitisha umeme juu, kihami katikati, na bamba kubwa zaidi la chuma chini. Umeme unaopanda na kushuka kwenye kibamba huvuja kwenye kingo zake na kuwa wimbi la redio. Wimbi linaloingia hufuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Na kama uzi wa zeze unavyotoa sauti kulingana na urefu wake, kibamba nacho huitikia masafa yanayolingana na kipimo chake. Kanuni ya msingi ni kwamba urefu wa kibamba uwe karibu na nusu ya urefu wa wimbi.

Hapo kuna fumbo. Wimbi kuu la GPS, lenye masafa ya megahezi 1575.42, lina urefu wa sentimita 19 hivi, na nusu yake ni milimita 95. Imekuwaje basi milimita 25 zikatosha? Jibu liko kwenye kauri. Wimbi likiwa ndani ya kihami hupunguza mwendo, na urefu wake husinyaa. Kauri yenye kipimo cha uhami cha 20 hulifupisha wimbi zaidi ya mara nne, na milimita 95 hushuka hadi 21. Mbunifu hukata pia pembe za kibamba kidogo, kwa sababu wimbi la GPS huja likijizungusha, na pembe zilizokatwa huifanya antena ilipokee mzunguko huo.

Wazo lenyewe si jipya. Georges Deschamps alilitoa nchini Marekani mwaka 1953, lakini liliwekwa kando kwa karibu miaka 20 hadi zilipopatikana bodi nzuri za kuchapia saketi. Katika miaka ya 1970 Robert Munson wa kampuni ya Ball, Colorado, alitengeneza antena nyembamba zilizoweza kuvishwa kwenye mwili wa roketi bila kuchomoza. Mwaka 1978 setilaiti ya Seasat ilirushwa ikiwa na rada ya kuchunguza bahari, na antena yake bapa ilikuwa na urefu wa karibu mita 11.

Lakini udogo una bei. Harold Wheeler mwaka 1947 na Lan Jen Chu mwaka 1948 walionyesha kwamba kadiri antena inavyopunguzwa kulinganisha na wimbi lake, ndivyo inavyopoteza ama upana wa masafa ama ufanisi. Hakuna ufundi unaoivuka mipaka hiyo. Kazi ya mbunifu ni kuamua apoteze nini.

Mfano ni Wi-Fi ya gigahezi 2.4, inayohitaji upana wa takriban asilimia 3.5 ya masafa yake. Antena bapa ya kawaida kwenye bodi nyembamba huishia karibu na asilimia 2 au 3. Kihami kikiongezwa unene, upana hukua, ila sehemu ya nguvu hunaswa ndani ya kihami chenyewe. Wabunifu wengine huchonga mfuo wenye umbo la herufi U kwenye kibamba, ili kiitikie masafa mawili yaliyokaribiana. Wengine, wakitaka udogo zaidi, huunganisha ukingo mmoja na bamba la chini. Kibamba hupungua hadi robo ya wimbi, na gharama yake hulipwa kwa upana au ufanisi.

Kwenye masafa ya juu tatizo hugeuka. Katika gigahezi 28, zinazotumiwa na baadhi ya mitandao ya 5G, kibamba kinaweza kuwa na milimita 3.5 tu. Kukipunguza si shida tena. Shida ni kwamba kimoja hudaka nguvu kidogo, na mkono wa mtu unatosha kulizuia wimbi. Hivyo vibamba hupangwa kwa safu, na kila kimoja hupewa umeme kwa kuchelewa kidogo ili mawimbi yaungane upande unaotakiwa. Sahani ya kawaida ya intaneti ya setilaiti ya Starlink, inayouzwa Kenya tangu mwaka 2023, ina vibamba zaidi ya 1,000, na huifuata setilaiti angani kwa umeme badala ya kujigeuzageuza.

Vipimo navyo havina huruma. Kosa la milimita 0.1 kwenye kibamba cha milimita 3.5 husogeza masafa kwa karibu gigahezi 0.8. Bodi za bei nafuu za nyuzi za kioo, zinazofaa kwenye Wi-Fi, hapa hula nguvu nyingi, kwa hiyo hutumika bodi maalumu zenye bei kubwa.

Ndiyo sababu mwanafunzi wa uhandisi anashauriwa aanzie chini, kwenye gigahezi 2.4. Kwa bodi ya kawaida yenye unene wa milimita 1.6, kibamba cha milimita 38 kwa 29 kinatosha. Programu ya bure ya openEMS itamwonyesha mawimbi kabla hajakata shaba, na vipo vipimio vya mkononi vya bei nafuu vinavyofika gigahezi 3 vya kuhakikisha matokeo. Antena ikiitikia masafa ya chini kuliko aliyokusudia, atapunguza kibamba kwa nusu milimita na kupima tena.