Rangi ya Gari: Ngao Dhidi ya Kutu

Lori lipandalo kutoka Mpanda kwenda Mwese, katika nyanda za juu za Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hupambana na maadui wawili. Wakati wa kiangazi, changarawe zirushwazo na magurudumu hukwangua tumbo la gari na madigadi. Wakati wa mvua, tope hujishindilia katika pembe zilezile zilizokwanguliwa, likahifadhi unyevu kwa siku nyingi. Baada ya miaka michache jambo la kushangaza huonekana: kebini ya lori ingali nzima, lakini bodi ya mizigo, ambayo ni changa kuliko kebini hiyo, imekwisha kuliwa na kutu hata gunia la mahindi haliwezi kuwekwa juu yake bila wasiwasi. Vyote viwili ni chuma, na vyote viwili vimepakwa rangi. Kwa nini basi kimoja kidumu na kingine kioze?

Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kwanza kufahamu kutu ni nini. Chuma hupatikana ardhini kikiwa kimeungana na oksijeni, na hutumika joto kali sana kuvitenganisha. Kutu ni chuma kinachorejea katika muungano huo wa asili. Mambo mawili yatosha kuianzisha, nayo ni maji na oksijeni; chumvi huiharakisha. Aidha, kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, na haishikamani barabara. Kwa hiyo huivimbisha rangi iliyo juu yake, huibandua, na kuacha chuma kipya wazi. Bamba la bodi ya gari la kisasa aghalabu lina unene usiofika milimita 1. Kutu ikianza haina safari ndefu.

Mstari wa kuunganishia

Mnamo mwaka 1913, katika kiwanda cha Henry Ford huko Highland Park, Marekani, ulianzishwa mtindo wa kusogeza gari mbele ya wafanyakazi, badala ya wafanyakazi kulizunguka gari. Kila mtu alifanya kazi moja tu. Muda wa kuunganisha chasisi moja ulipungua kutoka takriban saa 12 na nusu hadi dakika 93 mwaka uliofuata. Hapo rangi ikawa kikwazo, kwani rangi nyingi za magari za siku hizo zilihitaji majuma kadhaa kupakwa na kukauka. Kikwazo hicho kilipungua katika miaka ya 1920, zilipopatikana rangi za selulosi zilizoweza kupulizwa na kukauka kwa muda mfupi.

Katika kiwanda cha leo kazi hugawanyika katika hatua nne kuu. Kwanza, mashine zenye nguvu kubwa hukandamiza mabamba yakapata umbo la mlango au paa. Pili, mabamba huunganishwa kwa kuchomelewa katika maelfu ya nukta, kazi ambayo sasa hufanywa zaidi na roboti. Tatu, bodi hupakwa rangi. Nne, hutiwa injini, nyaya, vioo, viti na magurudumu. Utaratibu huu haukupangwa hivyo kwa bahati. Rangi huja kabla ya viti na nyaya kwa sababu bodi italazimika kuokwa katika tanuri.

Bodi inapozamishwa

Bodi huoshwa kwanza ili kuondoa mafuta, kisha hutiwa katika maji yenye fosfati ya zinki. Fosfati hujenga juu ya chuma tabaka la fuwele ndogo mno, ambazo huipatia rangi mahali pa kushika. Baada ya hapo bodi nzima huzamishwa katika birika kubwa la maji yaliyochanganywa na chembechembe za rangi ya msingi. Chembechembe hizo zina chaji chanya. Bodi nayo huunganishwa na ncha hasi ya umeme wa volti mia kadhaa. Kwa kuwa chaji zisizofanana huvutana, rangi hukimbilia kwenye chuma.

Faida kubwa ya njia hii imo katika jambo lifuatalo. Mahali palipokwisha kupata rangi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo umeme hutafuta mahali palipo wazi. Rangi huufuata hadi ndani ya milango na katika mianya ambayo hakuna mkono wa fundi uwezao kuifikia. Bodi ikitolewa huokwa kwa joto la nyuzi 160 hadi 180 za sentigredi, rangi ikawa ngumu. Viungo huzibwa kwa ulimbo, kisha hupulizwa praima, rangi yenyewe, na mwisho tabaka angavu la kuzuia jua na mikwaruzo. Tabaka zote hizo kwa pamoja hazizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita.

Hali ya Afrika Mashariki

Viwanda vya kuunganisha magari si vigeni katika eneo hili. Kiwanda cha TAMCO huko Kibaha kiliwahi kuunganisha malori ya Scania, na nchini Kenya viwanda vya namna hiyo vilianzishwa Nairobi, Thika na Mombasa katika miaka ya 1970. Hata hivyo, yafaa kutofautisha kuunganisha na kuunganisha. Bodi ikiletwa imekwisha kupakwa rangi, kinachobaki ni kufunga vipuri. Ikiletwa vipande vipande, kuchomelea na kupaka rangi hufanywa nchini, na ujuzi wake hubaki nchini. Shida ni kwamba mabirika na matanuri ni ya gharama kubwa, na hulipa tu endapo magari mengi hupitia humo.

Sasa jibu la swali la awali li wazi. Kebini ya lori ilizamishwa kiwandani. Bodi ya mizigo aghalabu huchomelewa baadaye katika karakana ya mjini, ikapulizwa rangi kwa nje tu. Ndani ya mabomba yake na nyuma ya viungo vyake chuma ki uchi. Fundi hana lawama, kwa maana hana birika, wala hawezi kulioka gari lililokwisha kufungwa nyaya na matairi.

Lakini yapo mambo yaliyo katika uwezo wake na wa mwenye gari. Mabomba yapakwe praima kabla ya kuchomelewa, isipokuwa pale tu yatakapoungwa, na viungo vizibwe baadaye. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe na tope. Tumbo la gari lioshwe mara kwa mara wakati wa mvua. Kutu ikwanguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, na praima ipakwe siku hiyo hiyo. Kufunika kutu kwa puti ni kuificha, si kuiondoa. Chini yake huendelea na kazi. Rangi ya kiwandani ikiondoka hairudi kama ilivyokuwa, na mkwaruzo mdogo unaotibiwa leo huokoa bamba zima kesho.