Sufuria za Kukhu na Gari la Stima

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Nani aliniuliza lile swali jana, tukiwa steji ya Sigalagala? Pikipiki ya stima ilitupita, kimya kabisa, ikashika barabara ya Kakamega. Mmoja wenu akanivuta shati: "Mjomba, mbona pikipiki ya stima tunaiona, lakini gari la stima hatulioni huku?"

Swali zuri mno! Nimelala nalo, nimeamka nalo. Twende jikoni kwa kukhu, nyanya yenu.

Mnaona sufuria zake? Hii ndogo ni ya chai. Hii ni ya ugali. Ile kubwa ya harusi hubebwa na watu wawili. Mpishi ni mmoja, moto ni mmoja. Je, kukhu anaweza kuchemsha kikombe kimoja cha chai kwenye sufuria ya harusi? Hawezi. Kuni zingeisha bure.

Sasa chukueni gari la stima: gari ndilo sufuria, na kuni ni betri. Msikilizeni Betri mwenyewe anavyosema: "Mimi ni mzito. Mimi ni ghali. Nikikua, bei ya gari inakua. Nikipungua, bei inapungua."

"Kwa hivyo Betri mkubwa ni wa matajiri, mjomba?"

Ndiyo, na wako walioanzia huko juu. Mwaka 2008 Tesla ya Marekani iliuza gari dogo la mbio, Roadster, kwa kama dola 100,000. Baadaye, mwaka 2012, ikaleta Model S. Mwaka 2017 ikaleta Model 3, ya bei nafuu zaidi. Ilishuka ngazi polepole, hatua kwa hatua.

BYD ya China ilianza na kuni kabla ya sufuria. Mwaka 1995 ilikuwa inatengeneza betri tu. Magari yalikuja mwaka 2003. Kisha mwaka 2023 ikatoa Seagull, kagari kadogo kalikoanzia yuan 73,800. Mwaka huohuo ikatoa Yangwang U8, la zaidi ya yuan milioni moja. Hilo linaweza kuelea majini!

"Kama bata, mjomba?"

Kama bata, ila kwa muda mfupi tu. Na mbona wakaliita Yangwang, si BYD? Angalieni kabati la kukhu. Zile sahani za maua ni za wageni. Chakula kinatoka jikoni humuhumu, lakini mgeni hapakuliwi kwenye sahani yenu ya plastiki. Mwenye pesa nyingi naye anataka sahani yake.

Tesla ilishuka ngazi; sisi huku tumeipanda kutoka chini, na mimi naona tumefanya vyema. Nani huku hununua mtungi mzima wa mafuta ya kupikia? Tunanunua ya kupima. Leo kidogo, kesho kidogo. Kampuni ya Ampersand, iliyoanzia Kigali na kufika Nairobi, inafanya hivyo na pikipiki. Mwendeshaji ananunua pikipiki, Betri hamnunui. Chaji ikiisha anaenda kituoni, anamtoa Betri kwa mikono miwili, anamwacha achajiwe, anachukua mwingine aliyejaa. Analipia stima aliyotumia, kisha huyo, anarudi kwa abiria wake.

Betri anafurahi: "Sasa hata aliye na kidogo ananimudu!"

"Na matatu je?"

Ah, mnanifurahisha! Kampuni ya BasiGo, ya mabasi ya stima, ilianza Nairobi mwaka 2021. Mwenye matatu alinunua basi bila kubeba bei yote ya Betri siku ya kwanza. Basi likitembea kilomita moja, alikuwa akilipia kilomita moja. Nayo ni ya kupima, wapwa zangu, ya kupima tu.

Gari la mtu mmoja lina shida yake. Hukaa uani siku nzima, na Betri aliyelala haleti pesa. Pikipiki na matatu hazilali. Ndiyo maana zimetangulia kwenye barabara zetu. Vijana wa politekniki yetu hapa Sigalagala wanaojifunza ufundi wa magari watamshika huyo Betri kwa mikono yao, na ninyi mtawauliza maswali magumu kuliko haya.

Haya, ichukue chupa ile, kimbia dukani. Kukhu anataka mafuta ya shilingi 20 kabla giza halijaingia.