PDG wa Shimo: Nadharia na Vitendo katika Utafiti wa Usimamizi

Somo la usimamizi katika vyuo vikuu vya Kongo hufundishwa kwa Kifaransa. Kazi yenyewe, huko Kampene mkoani Maniema, hufanywa kwa Kiswahili. Tofauti hiyo si ya lugha tu. Migodi ya Kampene ilikuwa chini ya SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976, ikatikiswa na anguko la bei ya bati mwaka 1985, ikavunjwa mwaka 1997. Uchimbaji wa mikono ukashika nafasi yake, nacho cheo cha kampuni kikabaki: katika machimbo ya mashariki ya Kongo, mkuu wa shimo huitwa PDG, yaani rais na mkurugenzi mkuu.

Jina ni lilelile, kazi siyo. PDG huyu hukopesha chakula na zana kabla madini hayajaonekana. Yakipatikana, gharama hukatwa kwanza, ndipo mavuno yagawanywe. Hojaji iulizayo mshahara hujibiwa kwamba haupo, na mtafiti aweza kuhitimisha kuwa shimo halina usimamizi. Kumbe unao, tena mkali. Mchimbaji angeulizwa anadaiwa na nani, na nani hupima mavuno, angeeleza kwa kirefu.