Kufungua Shule Wakati wa Maradhi ya Mlipuko: Fundisho la Ujiji na Wajibu wa Mchungaji

Utangulizi

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Siku iliyofuata zamu ikawa ya vyuo. Tangazo la kwanza lilikuwa la siku 30, kisha muda ukaongezwa. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni 2020. Hivyo watoto wetu walikaa nje ya madarasa kwa muda wa miezi mitatu na nusu hivi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tulirejee jambo hili, hali Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Jibu letu ni kwamba maradhi hayajaisha njia. Ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani Kagera mwaka 2023, ukazuka tena mwaka 2025. Mwaka 2024 aina mpya ya mpox ilienea kutoka Kivu ya Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikafika Burundi, na mwezi Machi 2025 wagonjwa walithibitishwa Tanzania. Wachungaji na wanafunzi wa theolojia watakaotumika katika mji kama Ujiji hawana budi kujiandaa kwa siku ambayo swali hili litaulizwa tena: shule zifunguliwe lini, na kwa taratibu gani? Makala haya yanakusudia kueleza mambo ya kupimwa katika swali hilo, na mahali pa mchungaji ndani yake.

1. Ujiji ni mji ulio njiani

Ujiji ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini misafara haikuchukua pembe, vitambaa na watumwa tu. Ilichukua na maradhi. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, alichapisha kitabu mwaka 1876 akionyesha jinsi ugonjwa huo ulivyofuata njia za biashara.

Njia hizo hazijafa, bali zimebadili vyombo tu. Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Maboti ya Kibirizi huenda na kurudi kila siku yakiwa na abiria, dagaa na mawese. Mwaka 2015, machafuko yalipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na maji. Meli ya Liemba iliwachukua kwa mafungu ya watu 600 hivi hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikazuka. Kufikia tarehe 22 Mei 2015, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31.

Kwa hiyo basi, kwa mwalimu wa Ujiji maradhi ya mlipuko si habari ya mbali. Shule yake ipo katika mji wa wasafiri, na darasa lake lina watoto ambao wazazi wao walikuwa ng'ambo juzi.

2. Kila ugonjwa una mlango wake

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutumia dawa moja kwa kila ugonjwa. Kipindupindu huingia kwa kinywa, kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku tano. Mgonjwa asiyetibiwa aweza kufa siku hiyo hiyo. Lakini akinyweshwa mapema maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, au akiwekewa dripu, karibu wagonjwa wote hupona. Shule inayofunguliwa wakati wa kipindupindu yatakiwa kutazama kwanza kisima, vyoo na mama anayeuza maandazi na embe zilizomenywa langoni. Barakoa haitamsaidia mtoto huyo.

Korona huingia kwa pumzi. Mtu aweza kuwaambukiza wengine kabla hajajisikia vibaya, na dalili zaweza kuchelewa hadi siku 14. Hapo kunawa mikono ni kwema, lakini adui mkubwa ni hewa iliyofungiwa. Mpox nayo huenea hasa kwa kugusana ngozi na vidonda au vitu vya mgonjwa. Kwa hiyo bweni na godoro la wawili huwa na hatari kuliko dawati.

Yafaa pia tukumbuke nani anayeumia. Korona iliwaua wazee wengi kuliko watoto. Katika nyumba nyingi za Ujiji mtoto hutoka shuleni akarudi kwa bibi yake na kulala chumba kimoja naye. Kuilinda shule, basi, ni kumlinda mtoto na pia yule asiyefika shuleni kabisa. Huyu ndiye jirani anayesahauliwa katika hesabu.

3. Gharama ya mlango uliofungwa

Kufunga shule ni hatua ya haraka, na mara nyingine ni hatua ya lazima. Lakini si hatua isiyo na gharama. Mwezi Aprili 2020, kwa hesabu ya UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya shule. Jirani zetu walichukua njia mbalimbali. Burundi haikufunga shule zake. Kenya ilifunga Machi 2020, ikawarudisha darasa la nne, la nane na kidato cha nne tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Uganda ilifungua madarasa yote tarehe 10 Januari 2022 tu, baada ya karibu miaka miwili, na mamlaka yake ya mipango ilikuwa imekadiria kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi.

Hatuwezi kupima busara ya nchi kwa kuhesabu miezi tu. Lakini jambo moja ni wazi: kila mwezi unaopita mtoto hupata kazi nyingine. Mvulana wa pwani ya ziwa huingia katika mtumbwi wa dagaa usiku, akapata fedha, na daftari likawa jepesi machoni pake. Msichana hubaki kulea wadogo zake, au hupata mimba, au huozwa. Vipindi vya redio na televisheni vilisaidia kwa kiasi, lakini havikuweza kumfikia mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna umeme wala betri.

4. Mfano wa Wittenberg, 1527

Katika kiangazi cha mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala Yohana aliamuru chuo kihamie Jena, na walimu pamoja na wanafunzi wengi wakaondoka. Luther na Bugenhagen walibaki kuwahudumia wagonjwa. Luther aliendelea kuwafundisha wachache waliosalia, akiwafafanulia Waraka wa Kwanza wa Yohana. Chuo kilirudi mwaka 1528. Hivyo swali la kufunga na kufungua shule ni la zamani katika historia ya kanisa letu.

Mwaka ule ule Luther aliandika barua kwa Johann Hess wa Breslau kuhusu kuikimbia tauni. Tukiieleza kwa maneno yetu, barua hiyo inaonya juu ya mashimo mawili. Shimo la kwanza ni la wale wenye wajibu, kama mchungaji, mtawala na mzazi, wanaowaacha wanaowategemea bila mtu wa kuwatunza. Shimo la pili ni la wale wanaodharau dawa na tahadhari wakidai kwamba hiyo ni imani. Hao, asema Luther, wanamjaribu Mungu, na kwa uzembe wao wanaweza kuwa sababu ya kifo cha wengine. Yeye mwenyewe alikusudia kuomba, kufukiza nyumba, kutumia dawa, na kuepuka mahali asipohitajika. Lakini jirani akimhitaji, angekwenda.

Tukilihamisha fundisho hili shuleni tunapata mambo mawili. Mwalimu ni mmoja wa wenye wajibu, kwa maana wazazi wamemkabidhi watoto. Lakini anayemwita kazini anawajibika kumpa maji, nafasi na ruhusa ya kupumzika anapougua. Na sala haishindani na ndoo ya maji. Nehemia na watu wake waliomba, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana (Neh. 4:9). Mambo ya Walawi 13 humweka kuhani kuwa mchunguzi wa ugonjwa, na humtenga mgonjwa kwa siku saba kabla ya kumwangalia tena. Kutenga huko kulikuwa na mwisho, na mlango wa kurudi ulikuwa umeelezwa.

5. Mambo ya kupimwa kabla ya kufungua

Kwanza ni habari za kweli. Uamuzi wa kufungua ni wa Serikali, lakini mwalimu mkuu na kamati ya shule wapate kutoka kwa afisa afya idadi ya wagonjwa wa kata yao na mwelekeo wake. Uvumi wa sokoni usiwe msingi wa kufungua wala wa kufunga.

Pili ni maji na vyoo. Shule isiyo na bomba yaweza kutundika vibuyu chirizi karibu na vyoo na milango ya madarasa, pamoja na sabuni. Kazi si kuvitundika, bali kuvijaza kila asubuhi. Kwa hiyo apangwe mtu mwenye jina, na siyo "wanafunzi" kwa jumla.

Tatu ni hewa na nafasi. Darasa lenye watoto mia haliwezi kuwapa nafasi ya mita moja kila mmoja, tusijidanganye. Yanayowezekana ni madirisha kufunguliwa wakati wote, wanafunzi kuingia kwa zamu za asubuhi na mchana, na masomo mengine kufanyika nje. Si jambo la aibu. Mwaka 1904 Wajerumani walianzisha shule ya msituni Charlottenburg, karibu na Berlin, kwa watoto dhaifu waliohofiwa kupata kifua kikuu. Ujiji ina miembe yenye kivuli kipana. Mwalimu na ubao vyaweza kukaa chini yake wakati wa kiangazi.

Nne ni kufungua kwa hatua. Mwaka 2020 Tanzania iliwarudisha kwanza watu wazima na wenye mtihani, kisha ikangoja majuma manne kabla ya wengine. Mpango huo una hekima, kwa kuwa muda wa ugonjwa kujitokeza hupita na madhara huonekana. Hatari yake ni kuwaweka wadogo mwisho daima, hali wao ndio wasioweza kujifundisha peke yao.

Tano ni mgonjwa. Kuwe na chumba cha kumpumzisha, mtu wa kumwita mzazi, na njia ya kufika zahanati au Hospitali ya Maweni. Tena pasiwe na fedheha. Mtoto aliyeaibishwa leo, kesho ataficha kuharisha kwake, na wenzake watadhurika.

Sita ni kuhesabu. Shule haijafunguliwa kwa sababu kengele imelia. Imefunguliwa pale daftari la mahudhurio la kabla ya kufungwa linapolinganishwa na la baada, jina kwa jina.

6. Wajibu wa mchungaji

Mwaka 2020 nyumba za ibada hazikufungwa nchini. Tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa liliitwa katika siku tatu za maombi. Kwa hiyo mtoto ambaye mwalimu hakuruhusiwa kumkusanya darasani, mchungaji aliweza kumwona kanisani. Nafasi hiyo ilikuwa mzigo mkubwa. Watoto walijifunza maana ya tahadhari kwa kutazama yaliyofanyika kanisani: kama madirisha yalifunguliwa, kama mikono ilinawiwa, kama mwenye kikohozi aliruhusiwa kubaki nyumbani bila kuhesabiwa kuwa mwenye imani haba. Mchungaji anayehubiri kinyume cha afisa afya humbomolea mwalimu ukuta wake.

Zaidi ya hayo mchungaji ana orodha. Ana majina ya watoto wa shule ya Jumapili na ya wanafunzi wa kipaimara. Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi, na sheikh naye anayo majina ya watoto wa madrasa. Majina hayo yakiwekwa mezani pamoja na daftari la mwalimu, atajulikana nani hakurudi, na nani anayefahamiana na nyumba yake. Luka 15 inamsifu mchungaji aliyejua kwamba mmoja amepungua kati ya mia. Asingejua kama hakuhesabu.

Tena lipo jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Basi itakuwaje msichana huyo akifunguliwa mlango wa darasa, kisha akute mlango wa kanisa umefungwa kwa marudi yasiyo na mwisho, na jina lake kutajwa mbele ya usharika? Marudi yana shabaha ya kumrudisha mtu. Yakimfanya aone aibu kuvaa sare ya shule mbele ya washarika wenzake, yameshindwa kazi yake.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kufungua shule kwa usalama hakutegemei ujasiri wala hofu, bali kuujua ugonjwa unakopita, kupima gharama ya pande zote mbili, kufuata hatua zinazowezekana mahali palipo, na kuwahesabu waliorudi na wasiorudi. Tunawasihi watumishi walio katika sharika za mwambao wa ziwa wasingoje tangazo jingine. Wakati huu wa utulivu ndio wa kukutana na mwalimu mkuu, afisa afya na sheikh wa mtaa, kukagua kisima cha shule, na kuandika orodha za watoto upya. Siku mlango utakapofungwa tena, orodha hizo ndizo zitakazotuonyesha ni nyumba zipi za kubisha hodi utakapofunguliwa.