MAZOMBI YANAYOONGEA KISWAHILI!

Haya washikaji, leo tuongee gemu. Wazazi msinune, hela zinazoishia kwenye vibanda vya hapa Mpwapwa ni zenu, kwa hiyo na nyie inawahusu.

Siku hizi makampuni makubwa yana mtindo wa kuchukua gemu iliyotamba zamani, kuijenga upya kuanzia msingi na kuiuza tena kama mpya. Mabingwa wa mchezo huo ni Capcom, Wajapani wa Osaka. Resident Evil 2 ya 1998 waliirudisha Januari 2019, namba 3 ikafuata 2020, na namba 4 ya mwaka 2005 ikarudi 24 Machi 2023.

Msidhani wamepaka rangi tu, la hasha! Kwenye namba 2 ya kale kamera ilikuwa imegandishwa kwenye kona, zombi unamsikia anakoroma lakini humwoni. Kwenye mpya kamera iko nyuma ya bega lako. Kila kitu kimefumwa upya kwa RE Engine, mtambo uleule waliotengenezea namba 7 ya mwaka 2017.

Na kwa kuuza, jamani, hao watu ni wachawi! Mwaka 2015 walitoa video fupi, prodyuza Yoshiaki Hirabayashi kavaa fulana yenye maandishi ya kusema wanaifanya. Basi. Gemu yenyewe haikuonyeshwa mpaka Juni 2018. Kisha likaja demo la dakika 30, zikiisha ndo basi tena. Mwenye kibanda anayekata muda kwa jero anaijua sana fitina hiyo: mnyanyue mtu kitini mambo yakiwa yamenoga, kesho atarudi na rafiki yake. Wiki ya kwanza tu zikasambazwa kopi milioni 3.

Sasa kinachonikera mimi ni namba 5, ile ya 2009. Mazombi yake yanaongea Kiswahili! Siku naicheza, dogo aliyekuwa anasubiri pedi aliruka: "Kaka, mbona huyu anaongea kama sisi?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi nilicheka nikanyamaza, kwa sababu aliyekuwa anaongea kama sisi nilikuwa namlenga kichwani.

Tena mji wenyewe, Kijuju, ni wa kubuni na wameuweka Afrika Magharibi. Kiswahili huko kilifika na basi gani? Mazombi wameyaita Majini, na gemu inaeleza kuwa maana yake ni pepo wabaya. Muulize mtu wa Pwani, atakwambia majini wapo wabaya na wapo wema. Trela ya mwaka 2007 ilimwonyesha Chris Redfield, mzungu, akiwamiminia risasi wanakijiji weusi. Zikazuka kelele nyingi za ubaguzi wa rangi, lakini gemu ikatoka na ikauzwa kwa mamilioni.

Namba 5 wakiijenga upya, wasiseme haiwezekani kurekebisha. Kwenye namba 4 mpya wamemrekebisha Ashley, mtoto wa Rais wa Marekani. Zamani alikuwa mzigo wa kupiga mayowe, siku hizi ana akili zake, na ule utani wa Luis kuhusu maumbile yake wameutupa. Kama heshima ya binti mmoja wa kubuni imewezekana, lugha ya watu wazima mamilioni inashindikana vipi?

Mimi sitaki Kiswahili kiondolewe, wala simlilii zombi kupigwa risasi. Nataka Kijuju kihamie kwenye nchi inayoongea lugha hiyo, au wakiache Magharibi na kukipa lugha ya Magharibi. Wakichagua kuja kwetu, walete karatasi za maneno yao hapa mapema tuwasomee. Waigizaji wa sauti tunao, kuanzia Dodoma mpaka Mombasa, na hawatakuwa ghali kuliko hizo trela.